Afisa Aliyeanzia Kwenye Benchi

Watu wengi wakitaka kujua nchi fulani inawajali vipi wanawake wake husoma katiba yake, au huuliza bungeni wako wangapi. Mama Afisa alikaa kwenye benchi. Namwita Mama Afisa kwa sababu ndivyo Mbinga nzima tulivyomwita, kuanzia mkurugenzi hadi mama wa chapati pale stendi, ingawa halmashauri ilikuwa na maafisa tele. Alisimamia maendeleo ya jamii pamoja na dawati la jinsia, nami nilikuwa karani wake kwa miaka kumi na moja. Alikozaliwa na ukoo wake nawaachia wenye kujua. Mimi nasimulia niliyoyaona, na mengi kati ya hayo yalinishangaza, tena mpaka leo sijapoa.

Kwanza nitoe la moyoni, ili msomaji asije akaniona mtakatifu. Katika mwaka wangu wa nane pale ofisini baba yangu alifariki kule Matiri. Aliacha shamba, kahawa upande wa juu, na chini yake mteremko wa ngoro, yale mashimo yetu ya kilimo cha mlimani, kwa mahindi na maharage. Wakati huo kijiji kilikuwa kinapima ardhi na kutoa hati za kimila. Ukoo ulikaa, baba mdogo akasema shamba liandikwe jina la mtoto wa kwanza wa kiume, na huyo ni mimi. Mama alikuwepo, ameketi mkekani na kina shangazi. Hakuna aliyemuuliza, na mimi mwanawe sikumuuliza. Nilitia saini. Siku ya pili nikarudi mjini kuendelea kuchapa barua za dawati la jinsia.

Sasa habari ya benchi. Kila alipokwenda kutembelea ofisi, ya kata au ya nchi nyingine, hakuingia moja kwa moja. Alitangulia saa nzima kabla ya miadi, amevaa kitenge cha kawaida, akaketi nje na wenye shida zao. Mara ya kwanza kumwona akifanya hivyo nilidhani anapumzika. Tulikuwa katika ofisi moja ya kijiji, na mtendaji alipita mbele yake mara tatu bila kumsalimu. Mara ya nne akasimama.

"Mama, una barua ya mwenyekiti?"

"Sina, mwanangu."

"Huwezi kuonwa bila barua ya mwenyekiti. Kailete."

Mama Afisa akamgeukia mwanamke aliyekaa jirani yake, akamuuliza kwa upole, "Na wewe ulitumwa hiyo barua?" Yule mwanamke akasema alitumwa, lakini mwenyekiti ni shemeji yake, kaka wa huyo huyo mume anayemshtaki. Ndipo Mama Afisa akainuka na kujitambulisha. Mtendaji alitafuta kiti cha kumpa mpaka akaangusha faili. Mama Afisa hakumkaripia. Alifungua daftari lake akaandika mistari miwili, akaomba maji ya kunywa, wakaanza kikao.

Daftari hilo lilikuwa na maswali matatu juu ya kila ukurasa, na alinifanya niyajue kwa kichwa. Nani anaingia bila barua? Nani mwenye uwezo wa kumwambia hapana? Akiambiwa hapana, anakwenda wapi? Kwa maswali hayo alizipima ofisi za Mbinga, na kwa hayo hayo alizipima serikali za watu. Nimewahi kusikia wataalamu wakizungumza siku nzima juu ya mifumo ya usawa wa kijinsia, wana chati na mishale, na sikuwahi kuona chati iliyouliza swali hilo la tatu.

Alipelekwa mara kadhaa kwenye mikutano ya nchi jirani na hata ya mbali kidogo. Akirudi, alikaa mbele ya meza yangu na kusimulia, mimi nikichapa. Nchi moja, alisema, ina wizara nzima yenye jengo la ghorofa na waziri wake. Nyingine haina wizara ila ina tume isiyo chini ya waziri yeyote, tena inaweza kumwita waziri akaja kujieleza. Nyingine imeweka mtu mmoja ndani ya kila wizara, hata ya barabara, na kazi yake ni kuuliza, katika mpango huu wanawake wako wapi. Wenzake wote waliipenda ile tume, wakasema ina meno. Yeye aliuliza mama wa kijijini anaifikiaje. Wakampa namba ya simu. Aliipiga pale pale ukumbini, ikapokewa na mashine, nayo ikasema lugha ambayo hata wahudumu wa chai wa hoteli ile hawakuielewa.

"Meno inayo," aliniambia. "Lakini mdomo uko mbali na chakula. Andika hivyo."

Nikaandika hivyo. Mkurugenzi alikata mstari huo, yeye akaurudisha.

Ofisi iliyomvutia kuliko zote ilikuwa ndogo ya kuonea huruma. Wenyeji wake walimpitisha hapo tu ili asikose cha kuona siku ya mwisho. Ilikuwa chumba kimoja kwenye baraza la kliniki ya watoto, afisa mmoja, kabati moja. Wanawake waliingia na kadi za chanjo mkononi. Alikaa kwenye benchi lao asubuhi yote, hajui lugha yao, anawabebea watoto tu, na ndipo akagundua kitu ambacho, aliposimulia, kilinisimamisha nywele. Mwanamke akikaa pale, hakuna mtu duniani anayejua kama amekuja kupima mtoto au amekuja kumshtaki mumewe. Mama mkwe anaweza kumsindikiza mpaka mlangoni asishtuke. Hakuna sheria iliyoandika hivyo, ni ukosefu wa vyumba tu uliowaweka hapo, na wenyewe walikuwa wanaomba wahamishwe.

Alirudi akaanza kuomba dawati letu litoke makao makuu ya halmashauri, ambako mwanamke akionekana tu habari zake hufika nyumbani kabla yake, liende karibu na kliniki. Aliambiwa jambo hilo linashusha hadhi ya ofisi. Akaomba tena. Miaka mitatu aliomba, kila robo mwaka barua ile ile na tarehe mpya, mimi ndiye niliyebadilisha tarehe. Mwisho walimpa stoo ya vyandarua, haina dirisha. Wiki ya kwanza tulipohamia walikuja wanawake wengi kuliko tuliokuwa tukiwapokea kwa muda mrefu. Nilimtazama akiwa anawasikiliza mmoja mmoja katika harufu ya dawa ya mbu, nikajisikia mdogo sana.

Alikuwa na mwenzake ng'ambo ya mpaka, upande wa Msumbiji, mwanamke wa umri wake mwenye kazi kama yake. Walikutana Chiwanda, kwenye mwambao wa ziwa, kwa kesi ya binti aliyeolewa huku na kuzaa kule. Walielewana kwa Kinyasa, maana mpaka ule ni wa serikali, lugha haujaikata. Waliweka madaftari mawili mezani wakalinganisha ofisi zao kama wanawake wanaolinganisha mapishi. Kule, mwanamke mwenye kesi hupewa mtu wa kwenda naye hatua kwa hatua mpaka mbele ya hakimu. Sisi tunampa barua yenye mhuri.

"Wao wana mtu, sisi tuna karatasi," alisema tukiwa njiani kurudi. "Binti yule alihitaji vyote viwili." Tangu siku hiyo, kesi ikiwa nzito, alifunga stoo akaenda mwenyewe na mwanamke husika, wakapanda basi dogo moja, wakala mhogo wa kuchoma pamoja nje ya mahakama. Halmashauri haikuwa na fungu la safari hizo wala haikuwa na jina la kazi hiyo.

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa na hasira za karibu, na ubaya zaidi, alikuwa na haraka. Yeye ndiye aliyekataza mwanamke kusemewa na kaka au mjomba ndani ya chumba chetu, na yeye huyo huyo, mwanamke akichelewa kufika kwenye jambo, alimmalizia sentensi. Siku moja mama mmoja wa makamo alimwambia, "Mama Afisa, naomba nimalize mwenyewe." Alinyamaza kama aliyemwagiwa maji. Jioni yake alinituma nikalete karatasi ngumu, akaandika kwa kalamu nene neno NYAMAZA, akalibandika ukutani nyuma ya kiti cha wageni, mahali ambapo yeye tu ndiye angeliona.

Nyumbani kwake alimpelekea mumewe maji ya kunawa yeye mwenyewe, amepiga goti, wala hakumruhusu binti wa kazi afanye. Nilipomtazama kwa mshangao aliniambia, "Hii siyo ya serikali, karani, fumba macho." Sikukuu ya wanawake aliichukia kwa hotuba zake, akasema ni siku ambayo wanaume huwasifu wanawake mpaka saa nane mchana kisha wanauliza chakula kiko wapi. Lakini kitenge cha sare alikuwa wa kwanza kushona, na alicheza ngoma uwanjani mpaka kilemba kikamdondoka. Na alikuwa mtoto wa ziwa anayetapika kwenye boti. Alivuka hivyo hivyo, ndoo mapajani.

Nilisema kwamba nilitia saini. Miaka miwili ilipita sikumwambia, na sikuona kama nilimficha. Shamba ni langu kwa karatasi, mama analima, kila mtu Matiri yuko hivyo. Kisha akaagizwa kuandika taarifa kubwa, kulinganisha jinsi nchi mbalimbali zilivyopanga vyombo vyao vya usawa na sisi tuige nini. Aliandika kwa mkono, nikachapa. Katika ukurasa wa sheria na utekelezaji alikuwa ameandika kwamba nchi zote alizozitazama zinamruhusu mjane kuandikwa kwenye ardhi, na kwamba tofauti iko kwa yule anayeshika kalamu siku ya kuandika. Mstari uliofuata ulisema: "Hata katika ofisi yetu yupo mtumishi ambaye mama yake amelima shamba maisha yake yote, na jina lake halimo."

Niliusoma mara nne. Kisha nikauruka, nikachapa unaofuata, nikampelekea. Alisoma amesimama. Alifungua kalamu, akauandika mstari ule pembeni, neno kwa neno, akanirudishia karatasi. Akasema nimwambie mlinzi aingize nguo za kliniki zilizoanikwa nje, mvua inakuja. Basi. Nilirudi kwenye mashine nikauchapa kwa vidole viwili, na uso wangu ulikuwa unawaka. Taarifa ikaenda kwa mkurugenzi ikiwa nao, na hakuna aliyeuliza ni mtumishi gani.

Siku tatu sikuweza kumtazama. Siku ya nne nilimuuliza alijuaje. Alisema alikuwa Matiri, kwenye benchi la ofisi ya kijiji kama kawaida yake, akakaa na mama mmoja aliyekuja na swali. Yule mama alitaka kujua kama mtu asiyekuwemo kwenye hati anaruhusiwa kung'oa mikahawa iliyozeeka na kupanda miche mipya. Walizungumza, na katika kuzungumza yule mama akasema kwa fahari kwamba mwanawe ni karani dawati la jinsia, Mbinga.

"Hakukushtaki," Mama Afisa aliniambia. "Alikusifu. Alisema hataki kukusumbua na maswali, una kazi nyingi."

Nililia mbele yake, mtu mzima mwenye watoto wawili. Hakunibembeleza. Alisubiri nimalize, na nadhani alikuwa anasoma lile neno lake ukutani.

Tulikwenda Matiri pamoja siku ya Jumamosi. Ukoo ulikusanyika uani kwetu kando ya meza za kuanikia kahawa. Mama Afisa alimpigia goti baba mdogo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Karibu. Lakini nikuambie mapema, sisi hatukumnyang'anya mtu."

Baba mdogo si mtu mbaya, na hoja yake ilikuwa hoja ya Matiri nzima, hata mama yangu aliiamini. Ngoro, alisema, ni kazi ya mwanamume. Yeye ndiye anayekata nyasi na kuzilaza mistari kwa mistari mpaka miraba inatokea mlimani. Mwanamke anakuja baadaye na jembe, anachimba katikati ya mraba na kufukia nyasi kwa udongo. Bila ule mraba angechimba wapi? Kwa hiyo shamba lina mwenyewe kabla jembe halijaingia.

Wote tulitegemea Mama Afisa abishe. Alisema, "Ni kweli, baba," bado yuko chini, kisha akamwomba amwonyeshe nyasi za kaka yake. Baba mdogo akacheka, akasema nyasi zimeoza zamani, zimo ndani ya matuta, ndiyo mbolea yenyewe.

"Nimetembea nchi za watu, baba," akasema Mama Afisa. "Kila nilikokwenda serikali imelaza nyasi zake vizuri kabisa. Wizara, tume, sheria, miraba imenyooka. Sijawahi kuzidharau. Lakini shamba nililiona pale tu penye mtu aliyekuja na jembe. Marehemu alilaza nyasi, na nyasi zimemaliza kazi yake. Huyu mjane wake bado anachimba. Mimi naomba tu umuulize anataka nini, maana nimeambiwa hajaulizwa."

Baba mdogo aligeuza punje za kahawa kwa kiganja, akachelewa, akachelewa zaidi. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu msiba, akamgeukia mama yangu.

"Shemeji, wewe unasemaje?"

"Mimi nataka kupanda miche mipya," mama akasema.

Niliona Mama Afisa amebana midomo kwa nguvu asije akammalizia. Nilikubali mbele ya wote jina langu litoke na la mama liingie, peke yake. Kubadilisha kulikula mwaka na zaidi, maana kitabu cha kijiji kilikuwa kimefungwa, kamati imemaliza muda, mwenyekiti kachaguliwa mwingine. Hati ilipotoka Mama Afisa alikuwa ameshastaafu na kurudi kwao Chiwanda.

Kiangazi hiki nimekwenda kumwona. Jumapili moja nilikuwa Matiri, mama yuko misani, nikafungua sanduku lake nikaitoa ile hati, nikaitia kwenye mfuko wa plastiki ili isipate unyevu. Mchana nikarudi mjini, na Jumatatu nikashuka ziwani, basi kwanza, kisha bodaboda kwenye mchanga. Nilimkuta anageuza dagaa kwenye chanja, amekonda, sikio moja halisikii vizuri. Aliniuliza ni nani siku hizi anapokea watu kwenye stoo yetu, na kama bado haina dirisha. Akanieleza kwamba mwenzake wa ng'ambo naye amestaafu, wanapigiana simu wakibishana serikali ipi imeharibu zaidi kazi zao.

Nilikuwa nimengoja wakati huu njia nzima. Nikaitoa hati. Alifuta mikono kwenye kanga, lakini hakuipokea. Aliinama akaisoma ikiwa mikononi mwangu, akalitamka jina la mama yangu lote, majina matatu, kwa sauti. Macho yake yalijaa. Sikuwahi kumwona hivyo katika miaka yote, nami nilifurahi kama mtoto aliyeleta cheti.

"Amekutuma uniletee?" akauliza.

"Hapana, mama. Niliichukua nikuonyeshe."

"Mwenyewe anajua?"

Nilianza kuirudisha hati kwenye mfuko wa plastiki.

"Mpigie. Weka sauti kubwa, nami nisikie."

Mama alipokea haraka, kabla hata sijamwamkia. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayejificha.

"Afadhali umepiga, mwanangu. Usimwambie baba yako mdogo. Hati siioni. Tangu jana natafuta, nimetoa nguo zote nje, nimeinua mpaka magunia. Nimekaa hapa najiuliza kama kweli walinipa."

"Mama, ninayo mimi," nikasema. "Nilimletea Mama Afisa aione."

Nilisikia kuku wa nyumbani Matiri kwenye simu. Mama Afisa alikuwa ameacha dagaa, anatazama chini. Kisha mama akazungumza tena, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Ilikuwa ile ya adabu, ya polepole, anayoitumia akisimama mbele ya watu wa serikali.

"Sawa, baba. Naomba kuuliza, utanirudishia?"